Ukumbini Yuko Asiyecheka

(Mada iliyotolewa kwa wanafunzi wa sekondari waliokuwa wakijiandaa kuigiza mchezo wa afya mbele ya shule na wazazi.)

 

Leo sikuletei somo la mbu wala la kuchemsha maji ya kunywa. Hayo umeshayasikia, na mtihani ukija utayajibu vizuri tu. Leo tuongee juu ya kicheko. Utaniuliza: kicheko na afya, wapi na wapi? Subiri kidogo, tutafika.

Kwanza jibu kimoyomoyo. Je, umewahi kuwa na swali darasani ukalimeza kwa kuogopa kuchekwa? Umewahi kwenda zahanati, ukafika mlangoni, ukageuza kwa sababu kwenye benchi kuna watu mnaofahamiana? Umewahi kumzomea mwenzako jukwaani, halafu usiku sura yake ikakujia? Kama umejibu ndiyo hata mara moja, basi mada hii ni yako.

Filamu ya mzaha

Nianze na filamu moja ya vichekesho kutoka Marekani. Inaitwa Waiting for Guffman, yaani "Kumsubiri Guffman". Ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1996, na mwaka 1997 ikaingia kwenye majumba ya sinema ya kule kwao. Aliyeiongoza ni Christopher Guest, ambaye pia ni mchezaji mkuu. Aliitunga pamoja na Eugene Levy. Ni fupi, haifiki hata saa moja na nusu.

Unazijua zile filamu za makala, ambazo mpiga picha anawafuata watu wa kweli, anawahoji, nao wanaeleza maisha yao? Basi hii inajifanya ni mojawapo ya hizo. Watu wanahojiwa nyumbani na kazini kwao, wanaongea kwa kusitasita kama sisi sote tunavyoongea, kila kitu unakiona ni kweli. Kumbe ni mzaha mtupu! Mji ni wa kubuni na watu ni wa kubuni. Filamu za namna hii wenyewe wanaziita mokumentari.

Tena wachezaji hawakukariri maneno. Guest na Levy waliandika mpangilio wa matukio tu. Mazungumzo wachezaji waliyatunga papo hapo, kamera ikiwa kazini. Kwa hiyo ninyi mnaokaa chini ya mwembe mkapanga "wewe utakuwa baba, mimi nesi, yule mganga", halafu mkaanza kucheza bila kitabu, msijidharau. Njia ni hiyohiyo.

Watu wa Blaine

Hadithi iko hivi. Kuna mji mdogo unaitwa Blaine, katika jimbo la Missouri, unatimiza miaka 150. Historia ya mji yenyewe ni kituko. Waasisi wake walikuwa safarini kwenda California, ambako kuna bahari. Walipofika Missouri, katikati ya bara, wakaaminishwa kwamba wamefika. Ni kama mtu aliyekata tiketi ya Tanga akashushwa Dodoma, akaambiwa bahari iko nyuma ya kile kilima. Basi wakakaa hapohapo. Baadaye mji ukajivunia kutengeneza vigoda, na wenyeji wanadai kwamba mwaka 1946 walitembelewa na chombo kutoka sayari nyingine.

Kwenye sherehe ya miaka 150 wanaamua kuonyesha mchezo wa nyimbo kuhusu historia hiyo. Mwongozaji ni Corky St. Clair, ambaye aliwahi kuhangaika na sanaa kule New York, mambo hayakumnyookea, akahamia Blaine. Na wachezaji ni akina nani? Daktari wa meno. Mke na mume wenye wakala wa safari, ambao wenyewe karibu hawajatoka nje ya mji. Msichana anayeuza aiskrimu. Mzee mstaafu. Kijana fundi magari, ambaye anajitoa dakika za mwisho, ikabidi Corky mwenyewe aruke jukwaani kuziba pengo. Hakuna hata mmoja aliyesomea sanaa. Uimbaji wao ni wa wastani, uchezaji wao tuuache. Lakini wana moyo, bwana! Wanajituma kana kwamba dunia nzima inawatazama.

Siku moja Corky anakwenda kwenye baraza la mji kuomba dola 100,000 za mchezo. Wajumbe wanabaki wanamkodolea macho, maana bajeti ya mji mzima kwa mwaka ni dola 15,000. Anasusa na kujifungia nyumbani, mpaka wenzake wanakwenda kumbembeleza arudi.

Halafu inakuja habari kubwa: kutoka New York, mji wa michezo mikubwa ya jukwaani, atakuja mtu mzito aitwaye Guffman kuwatazama. Akiupenda mchezo, huenda wakapelekwa kule. Hapo wote wanapagawa. Kiti cha Guffman kinatengwa. Mchezo unaanza, kiti kitupu. Baadaye anaingia mzee mmoja, anakaa pale. Wachezaji wanamwona, wanajawa na nguvu mpya. Ukumbi unapiga makofi, watu wa Blaine wamefurahi kwelikweli. Mwisho wa mchezo inajulikana kwamba yule siye. Ni mgeni tu aliyekuja mjini kwa shughuli za kifamilia. Guffman mwenyewe amezuiwa na theluji, hakuja kabisa.

Watazamaji wakagawanyika

Sasa njoo kwa watazamaji, maana hapa pana makundi yasiyokubaliana.

Kundi la kwanza limo ndani ya filamu yenyewe. Ni watu wa Blaine waliojaa ukumbini. Wao wanamwona daktari wao wa meno akiimba, wanamwona binti wa aiskrimu aking'ara, wanasikia hadithi ya mji wao. Hawaoni kichekesho. Wanaona sherehe yao.

Kundi la pili ni watu wa majumba ya sinema waliocheka mpaka machozi, wakaipenda filamu, wakaitazama tena na tena. Hawa wanasema: sisi hatuwacheki kwa ubaya. Tunawapenda. Tunajiona sisi wenyewe tulipokuwa kwenye michezo ya shule, na mashati ya kuazima, tukiamini tumeua.

Kundi la tatu ni wale ambao kicheko kiliwakwama kooni. Hawa wanasema: hapana, huu ni ukatili. Wasanii wenye majina wamevaa sura za watu wadogo wa mji mdogo, ili watu wa miji mikubwa wawacheke kwa ushamba wao. Wengine walikerwa zaidi na Corky, jinsi alivyopewa mwendo na sauti ya kuchekesha, kana kwamba mwanamume wa namna yake ni kituko tayari kabla hajasema lolote.

Nani yuko sahihi? Ukiniuliza mimi, makundi yote yana hoja. Lakini tusisahau jambo moja. Yule daktari wa meno wa Blaine hayupo duniani. Aliyekuwa akichekwa pale ni Eugene Levy, mchekeshaji, aliyeingia kazini akijua atachekwa, akakubali, akalipwa. Unaweza kumcheka kutwa nzima, hutamwumiza.

Shuleni kwenu je? Anayechekwa ni mtu wa kweli. Hakukubali, hakulipwa, na kesho asubuhi atakaa dawati la pili kutoka lako. Hapo ndipo kicheko kinapoingia kwenye afya.

Kicheko kikifunga mdomo

Mtu akiogopa kuchekwa, mwili wake unajiandaa kana kwamba kuna simba. Homoni iitwayo adrenalini inamwagika kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, mdomo unakauka, viganja vinatoa jasho, magoti yanalegea. Hali hiyo ikimpata mtu mara moja jukwaani, haina neno, itapita. Lakini ikiwa kila siku anazomewa kwa sauti yake, kwa umbo lake au kwa ugonjwa wake, inamchosha. Halali vizuri, hali vizuri, anajitenga, masomo yanashuka, anaanza kuona maisha hayana maana.

Na kuna hasara nyingine isiyoonekana haraka, nayo ni kunyamaza. Msichana aliyechekwa kwa doa la hedhi kwenye sketi anaanza kukosa shule kila mwezi, ingawa hedhi si ugonjwa wala si uchafu. Mvulana anayetoka usaha sehemu za siri anajificha badala ya kwenda kutibiwa. Magonjwa ya zinaa kama kisonono yanatibika, lakini yakiachwa yanaweza kuharibu uzazi, kwa mwanamke na kwa mwanamume. Wote wawili wana akili timamu na zahanati wanaijua ilipo. Kinachowazuia ni kicheko.

Sasa nikufikishe pale nilipokusudia tangu mwanzo: kwenye mchezo wenu wa afya.

Unaujua mchezo wenyewe, wala huhitaji kuambiwa. Anatokea mtu mmoja amekonda, amevaa koti kubwa kupita kiasi, anakohoa, anayumba, anaanguka. "Ana UKIMWI huyo!" Ukumbi unaangua kicheko. Mchezaji akiona amepata kicheko, anaongeza kukohoa. Anaanguka mara ya pili. Watu hoi, mbavu hawana. Mwisho anakufa, anasimama mwenzake anasema: "Vijana tujihadhari." Makofi. Mgeni rasmi anashukuru kwa ujumbe mzuri.

Lakini hebu geuka utazame nyuma ya ukumbi. Yuko mmoja asiyecheka. Amezaliwa na virusi vya UKIMWI. Dawa zake ziko ndani ya tranka, chini kabisa, zimeviringishwa kwenye soksi. Kila siku anatafuta dakika ambayo bweni halina mtu ili ameze kidonge. Leo amewasikia wenzake wote, hata rafiki yake wa karibu, wakimcheka mtu mwenye hali kama yake. Unadhani usiku huu ataweza kulifungua lile tranka mbele ya watu? Hawezi. Ataruka dozi ya leo. Akiruka ya leo na ya kesho, virusi vinapata nafasi ya kuongezeka, na vinaweza kuwa sugu hata dawa ishindwe kufanya kazi. Yaani mchezo wa afya ndio uliomfanya mtu aache dawa!

Tena mchezo wenyewe umesema uongo. Siku hizi mtu anayetumia dawa za ARV inavyotakiwa anasoma, anacheza mpira, anafanya kazi na anazeeka kama wengine. Virusi vikishuka hadi kutoonekana kwenye kipimo na vikabaki hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Hizo ndizo habari zinazostahili kupanda jukwaani. Lile koti kubwa na kukohoa ni picha ya zamani.

Kiti cha mgeni rasmi

Watu wa Blaine walimsubiri Guffman. Na sisi tunaye Guffman wetu, si ndiyo? Anaitwa mgeni rasmi. Saa nne anasubiriwa, saa tano anasubiriwa, wanafunzi wameungua na jua, kiti chenye kitambaa cheupe kiko mbele, kitupu. Akija, wachezaji wote wanamgeukia yeye. Watazamaji wengine wanaona migongo.

Mimi siwakatazi kumheshimu mgeni. Mpeni kiti, mpeni na soda. Lakini mchezo wenu si wake. Yeye jioni ataondoka. Mliyemfanyia kazi ni yule wa nyuma mwenye soksi ndani ya tranka. Ni yule msichana aliyejifunga sweta kiunoni kuficha doa. Kama wao wameondoka ukumbini na nafuu kidogo kuliko walivyoingia, mmefaulu, hata mgeni rasmi akizuiwa na mvua.

Mfano wa hapa kwetu upo. Mwaka huohuo wa 1996, wasomi wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Amandina Lihamba na Penina Mlama, walianzisha mradi ulioitwa Tuseme kwa ajili ya wasichana wa sekondari. Hawakuwapelekea wanafunzi mchezo ulioandikwa tayari. Wanafunzi wenyewe walikaa, wakataja mambo yanayowakwamisha, wakatafuta chanzo chake, wakayatungia mchezo, wakauonyesha mbele ya wenzao na walimu, halafu ukafuata mjadala wa nini kifanyike. Baadaye njia hiyo ilichukuliwa katika nchi nyingine za Afrika. Hawa nao hawakuwa wasanii wa kulipwa. Bila shaka wapo waliosahau maneno, na wapo walioongea kwa sauti ya chini. Lakini aliyekuwa akiigizwa ndiye huyohuyo aliyekuwa akiigiza. Ukimwona mtu anasema shida yake mwenyewe kwa kinywa chake, ni vigumu kumzomea.

Mambo ya kufanya

Usidhani nakuambia mchezo wa afya uwe kama mahubiri. Watu wakisinzia, ujumbe umelala nao. Chekesha! Ila chagua wa kuchekwa. Hebu zingatia haya:

1. Mcheke mwenye makosa, usimcheke mwenye shida. Mganga tapeli anayeuza maji ya bomba kama dawa, mcheke. Mtu mzima anayemdanganya mwanafunzi kwa chipsi, mcheke sana. Mmbea wa bweni anayepekua tranka za watu, mcheke mpaka aone haya. Mgonjwa mwache na heshima yake.

2. Mpime kila kichekesho kwa swali moja: je, ningeweza kukisema huku mwenye hali hiyo amekaa pembeni yangu, naye akacheka? Kama huwezi, kitoe.

3. Msimpe mtu nafasi ya kuigiza shida yake ya kweli kama hajataka mwenyewe. Wala msitumie jina au kisa cha mtu anayejulikana shuleni.

4. Ukipatwa na hofu ya jukwaa, vuta pumzi taratibu kupitia puani, kisha itoe polepole zaidi ya ulivyoivuta. Fanya hivyo mara kadhaa. Moyo utatulia. Ukisahau maneno, endelea kwa maneno yako mwenyewe. Umeshasikia kwamba hata wale wa filamuni walitunga papo hapo.

5. Baada ya mchezo, acheni muda wa maswali. Wekeni boksi la maswali yasiyo na majina, maana yule wa nyuma hatanyosha mkono.

6. Na wewe mtazamaji una kazi. Anayesahau maneno mpigie makofi ya kumtia moyo. Mwenzako akiteleza jukwaani, usimrekodi kwa simu ukarusha kwenye makundi. Kicheko cha ukumbini kinaisha jioni, lakini cha kwenye simu hakina mwisho.

7. Ukiwa ndiye unayechekwa kila siku, usikae nalo peke yako. Mwambie mwalimu wa malezi, matroni, mzazi au ndugu unayemwamini. Tanzania na Kenya ipo simu ya msaada kwa watoto, namba 116, hailipiwi. Na ukimsikia mwenzako anasema hataki kuishi, usidhani ni utani. Kaa naye, na mwambie mtu mzima siku hiyohiyo.

Walipoishia watu wa Blaine

Nilipowasimulia vijana wengine filamu hii waliniuliza: je, baadaye walipata umaarufu? Hapana. Msichana wa aiskrimu aliendelea kuuza aiskrimu, mji mwingine. Corky alirudi New York akafungua duka. Yule daktari wa meno aliishia kuwaimbia wazee huko Florida, naye alikuwa na furaha zake. Mtu akitaka kuwacheka kwa hayo, awacheke. Mimi ninachokumbuka ni kwamba mji mzima ulikaa ukumbi mmoja usiku ule, na waliopanda jukwaani hawakuzomewa na watu wao.

Jadilini na wenzenu:

- Katika makundi matatu ya watazamaji, wewe ungekuwa kundi gani? Kwa nini?
- Tajeni kichekesho kimoja kinachopendwa shuleni kwenu. Je, kinamchekesha kila mtu?
- Chukueni mchezo wenu wa afya wa mwisho. Mngebadilisha nini kama mngejua kwa hakika kwamba ukumbini yuko mtu anayeishi na tatizo hilo?

Hilo la tatu lijibuni vizuri, maana yupo. Kazi njema na mazoezi mema.